Kadi ya Njano Haizuii Homa

Desemba 2015 homa ya manjano ilizuka Luanda, mji mkuu wa Angola, na kufikia katikati ya 2016 ilikuwa imeshavuka mpaka na kuingia Kinshasa. Ilipanda na ndege pia. Wachina 11 waliokuwa Angola walirudi kwao na virusi vya ugonjwa huo mwilini, na Kenya nayo ikapokea wagonjwa wawili waliotoka huko huko. Ikumbukwe kwamba Angola humdai kila mgeni kadi ya njano ya chanjo anapoingia nchini. Na chanjo yenyewe ni miongoni mwa zile zinazofanya kazi vizuri mno: dozi moja humkinga karibu kila aliyechomwa, na kwa walio wengi kinga hiyo hudumu maisha yote. Kwa hiyo mtu akiugua homa ya manjano huku kadi iko mfukoni, la kwanza kumuuliza ni kama sindano ilimgusa kweli, na ilimgusa lini.

Kadi za kununua zipo. Aliyepita Tunduma, Kasumbalesa au mpaka wowote wenye foleni ndefu anajua hivyo. Msafiri ana haraka, lori lina mzigo, kijana mmoja anatokea na kitabu cha kadi na mhuri, pesa inabadilisha mikono na safari inaendelea. Dereva wa lori hilo anaiona kadi kama risiti ya ushuru, karatasi ya kumridhisha ofisa. Miezi mingi inapita bila tatizo lolote. Halafu siku moja analala Lubumbashi au Kinshasa wakati kuna mlipuko, mbu anamuuma saa nne asubuhi akinywa chai, na mwilini mwake hakuna kitu chochote cha kumlinda. Homa ya manjano haina dawa ya kuua virusi vyake. Hospitalini mgonjwa anatiwa maji, anatulizwa homa, anaangaliwa ini na figo, na wanaofikia hatua ya kugeuka manjano na kutoka damu, karibu nusu yao hufa. Ndiyo maana nalisema hili kwa uchungu: aliyekuuzia mhuri bila sindano amekuibia zaidi ya pesa.

Ukikaa kwenye benchi la ofisi ya afya ya mipakani, ile inayotoa chanjo za wasafiri, utaona jinsi mambo yanavyokwenda. Muuguzi anachukua kichupa chenye unga mkavu, anaingiza maji maalumu, anatikisa taratibu, anavuta nusu mililita kwenye bomba la sindano na kumchoma mtu begani. Kisha anafungua kadi. Anaandika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe, jina la kiwanda na namba ya toleo la chanjo, anatia saini na kugonga mhuri wa kituo. Hapo hapo anaingia kaka mmoja mwenye shati la safari.

“Dada, samahani, ndege yangu ni kesho kutwa. Naomba unisaidie.”

“Kaka yangu, sindano nakuchoma sasa hivi. Lakini kadi yako itaanza kukubalika siku ya kumi.”

“Siku ya kumi? Si unaandika tu tarehe ya nyuma?”

Hilo la mwisho husemwa kwa tabasamu, na muuguzi mwenye msimamo hulikataa bila tabasamu. Siku kumi hazikuwekwa na serikali kwa ajili ya kusumbua watu. Ndizo siku ambazo mwili unazihitaji kutengeneza kinga baada ya kupokea kile kirusi kilichodhoofishwa. Kanuni za Afya za Kimataifa zinasema hivyo hivyo: cheti kinaanza kuwa halali siku kumi baada ya chanjo. Na tangu Julai 2016 kikishaanza hakiishi tena. Zamani kilikuwa cha miaka kumi, na bado wapo watu wanaorudi kuchomwa upya kwa sababu kadi yao imeandikwa tarehe ya kwisha. Hawahitaji. Kadi ya 2009 iliyogongwa kihalali inakubalika leo na itakubalika uzeeni. Ukibishiwa na karani wa shirika la ndege, mwombe kwa adabu amwite msimamizi wake.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui kuhusu kile kichupa. Mara nyingi kina dozi tano au kumi, na kikishachanganywa na maji hakilali. Ndani ya saa sita kilichobaki kinamwagwa. Kwa sababu hiyo vituo vingi hukusanya wasafiri na kuchanja siku maalumu za wiki, na wewe uliyefika peke yako Ijumaa jioni unaambiwa urudi Jumanne. Usimkasirikie muuguzi. Piga simu kwanza uulize siku ya chanjo, uulize kama dozi zipo, na uende na pasipoti yako halisi.

Si kila mtu anafaa kuchomwa. Kwa kuwa chanjo hii ina kirusi hai kilichodhoofishwa, mtoto wa chini ya miezi sita hapewi kabisa, na kwa kawaida husubiriwa afikishe miezi tisa. Mtu anayepata mzio mkali kwa mayai, mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, anayetibiwa saratani au aliyepandikizwa figo, hawa wote wanatakiwa wamweleze daktari kabla ya sindano. Mjamzito, mama anayenyonyesha mtoto mchanga na mtu aliyevuka miaka 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza wapimiwe hatari kwa makini, maana kwa wazee madhara makubwa, ingawa ni nadra, hutokea zaidi kuliko kwa vijana. Asiyefaa kuchanjwa hubaki na njia halali: daktari anajaza sehemu ya msamaha iliyomo ndani ya kadi hiyo hiyo, kwa saini na mhuri. Nchi unayokwenda ina haki ya kuukataa msamaha huo, kwa hiyo uliza ubalozini mapema. Nimeona watu wanaficha ugonjwa wao mbele ya muuguzi kwa kuona haya. Muuguzi hawezi kukuhurumia kwa jambo asilolijua.

Nani anadaiwa kadi? Kongo na Angola humdai kila mgeni, na Uganda na Burundi nazo zimo katika kundi hilo. India ni kali kwa namna yake. Ukitoka nchi yenye homa ya manjano, Kenya ikiwemo, ukatua Mumbai au Delhi bila cheti halali, unaweza kuwekwa karantini mpaka zitimie siku sita tangu ulipoondoka huko, maana ugonjwa huu hujitokeza kati ya siku tatu na sita baada ya kuumwa na mbu. Fikiria mgonjwa wa moyo aliyechangiwa fedha na ukoo mzima akatibiwe Chennai, anazuiliwa karantini kwa kukosa sindano moja. Kubadilisha ndege nako kunahesabiwa. Nchi nyingi zinadai cheti ukikaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye ugonjwa, na nyingine hazikupi hata saa hizo. Mtu wa Dar es Salaam anayeunganisha ndege Nairobi, Entebbe au Addis Ababa aisome tiketi yake kwa jicho hilo.

Sasa nije kwenye kalenda, kwa sababu makosa mengi ya afya ya safari ni makosa ya tarehe. Watu hununua tiketi, wananunua begi, wanashona nguo, na chanjo inakuja wiki ya mwisho pamoja na kubadilisha dola. Geuza mpango huo. Wiki sita hadi nane kabla ya safari, nenda kamwone mhudumu wa afya ukiwa na mambo matatu: unakwenda wapi hasa na utapita wapi, utakaa muda gani, na mwili wako una historia gani. Wiki hizo zina kazi. Chanjo zenye virusi hai, kama ya surua na ya homa ya manjano, ama hutolewa siku moja ama hupishana kwa wiki nne. Ya taifodi inataka wiki mbili kabla ya safari. Ya kichaa cha mbwa kwa anayekwenda kukaa vijijini India au Kongo ni sindano mbili zinazopishana wiki moja, na hata aliyezipata, akiumwa na mbwa bado anatakiwa kuosha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 na kukimbilia sindano za nyongeza. Ya homa ya ini B ndiyo ndefu: dozi tatu katika miezi sita. Aliyechelewa anaweza kupewa ratiba ya haraka ya siku ya kwanza, ya saba na ya 21, kisha dozi ya nne baada ya mwaka.

Hiyo ya homa ya ini B nitakaa nayo kidogo, maana inawagusa vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi Oman, Saudi Arabia, Qatar na nchi jirani zao. Nchi za Ghuba humpima mfanyakazi kabla hajapewa viza, na wengi hupimwa tena wakishafika. Wanatazama VVU, homa ya ini B na C, kifua kikuu kwa picha ya kifua, na kwa wanawake ujauzito. Anayekutwa na tatizo hurudishwa nyumbani, mara nyingi baada ya familia kuuza shamba au kukopa fedha za wakala. Ushauri wangu kwa mzazi na kwa binti mwenyewe ni huu: pimeni kwanza, kabla ya kumpa wakala hata shilingi moja. Kipimo cha homa ya ini B hufanyika kwenye hospitali za kawaida na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na nauli. Tanzania na Kenya zilianza kuwapa watoto chanjo hii mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo mtu aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hana kinga kabisa, na wengine wanaishi na virusi miaka na miaka bila dalili. Chanjo haimtibu aliyekwisha kuambukizwa, na ndiyo sababu kipimo kinatangulia sindano. Tena kuna mtego mmoja mdogo wenye madhara makubwa: siku chache baada ya kuchomwa chanjo ya homa ya ini B, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha alama ya virusi kana kwamba mtu ni mgonjwa, kwa sababu alama hiyo ndiyo iliyomo ndani ya chanjo. Acha zipite wiki tatu au nne kati ya sindano na kipimo cha viza.

Kwa kifua kikuu, mtu aliyewahi kuugua akatibiwa akapona hubaki na kovu kwenye mapafu, na kovu linaonekana kwenye picha. Aende na karatasi zake za kumaliza dozi, na picha za zamani kama anazo. Uingereza nayo humdai Mtanzania au Mkenya anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita cheti cha kupimwa kifua kikuu kwenye kituo ilichokiidhinisha. Picha ikitia shaka, makohozi huoteshwa maabara, na kuotesha huko kunaweza kuchukua miezi miwili. Mwanafunzi ambaye masomo yake yanaanza Septemba na anakwenda kupimwa Agosti anajitafutia presha.

Wanafunzi wana mtihani mwingine, nao ni surua. Vyuo vingi vya Marekani vinataka ushahidi wa dozi mbili za chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Ujerumani, kwa sheria iliyoanza kutumika Machi 2020, inadai ushahidi wa kinga ya surua kwa watoto wa shule na wa chekechea na kwa wanaofanya kazi huko. Chanjo wanayopata watoto wetu kliniki ni ya surua na rubela, matumbwitumbwi haimo, na ile kadi ya kliniki mara nyingi imepotea au imelowa mvua ndani ya sanduku la mama. Mpigie mama simu aitafute. Isipoonekana, chanjwa upya. Kurudia chanjo hii hakudhuru mwili wenye afya, na dozi mbili zinapishana siku 28, ambazo lazima uwe nazo.

Mahujaji wanahitaji maneno mengi zaidi, maana hakuna safari nyingine inayowakusanya wazee wetu wengi kiasi hicho mahali pamoja, wengi wao wakipanda ndege kwa mara ya kwanza. Saudi Arabia inamdai kila anayekwenda Hijja au Umra chanjo ya homa ya uti wa mgongo ya makundi manne, A, C, W na Y, aliyochomwa angalau siku kumi kabla ya kufika. Sharti hili lina historia. Mwaka 1987 ulizuka mlipuko wa kundi A miongoni mwa mahujaji, na mwaka 2000 ukaja wa kundi W, ambao mahujaji waliubeba hadi makwao Ulaya na Asia. Waliougua nyumbani hawakuwa mahujaji peke yao: mhujaji hubeba bakteria kooni bila kuumwa, kisha anambusu mjukuu. Kwa hiyo Hajjati anayenyoosha bega achomwe anawalinda na wale watakaokuja kumpokea uwanja wa ndege.

Uliza ni chanjo ya aina gani unayochomwa, na uhakikishe imeandikwa kwenye kadi. Ile ya zamani huhesabiwa miaka mitatu, na ile mpya ambayo sukari ya bakteria imeunganishwa na protini huhesabiwa mitano. Kadi isipotaja aina, inachukuliwa kuwa ya miaka mitatu, na mtu aliyekwenda Umra miaka minne iliyopita anashtuka anaambiwa arudie. Kwa mzee, kwa mwenye kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo, ongezeni chanjo ya mafua na ya nimonia. Kikohozi cha mahujaji kinajulikana kwa kila aliyerudi kutoka Makka, na kwa kijana ni usumbufu wa wiki moja, lakini kwa bibi wa miaka 75 kinaweza kuwa nimonia.

Halafu kuna joto, ambalo halina chanjo. Hijja ya 2024 iliangukia Juni, joto Makka likapita nyuzi 51, na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301. Wengi wa waliokufa walikuwa wameingia bila kibali rasmi, wakatembea mwendo mrefu juani bila hema wala basi lenye ubaridi. Fundisho kwa familia liko wazi: usimpeleke mzazi wako kwa njia ya mkato. Mwaka unaweza kuisha bila Hijja, na aliyekosa uwezo hana lawama mbele ya Mola wake. Aliye na kibali naye abebe mwavuli mweupe, anywe maji kabla ya kiu, awe na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na apumzike mchana kila ibada inaporuhusu. Wenye kisukari waangalie miguu kuliko kitu kingine chochote. Mguu uliokufa ganzi hausikii marumaru ya moto. Mtu anaacha viatu mlangoni, anarudi havipo, anatembea peku hadi hotelini, na usiku anakuta malengelenge nyayo nzima. Kandambili zikae ndani ya mfuko, begani kwake, wakati wote.

Na kunyoa. Baada ya ibada wanaume hunyoa au kupunguza nywele, na nje ya vinyozi rasmi wapo wanaonyoa watu barabarani kwa wembe mmoja kichwa baada ya kichwa. Homa ya ini B na C hupita humo, na VVU pia. Chukua pakiti yako ya nyembe kwenye begi kubwa, ufungue mpya mwenyewe, unyolewe nao, uutupe. Ngamia nao waachwe: virusi vya ugonjwa wa njia ya hewa uliogunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012 hutoka kwao. Usimshike ngamia kwa ajili ya picha, na maziwa yake mabichi usiyanywe hata ukikaribishwa kwa heshima kubwa.

Begi la dawa lina sheria zake. Dawa unazomeza kila siku, za presha, kisukari, pumu, kifafa, siko seli au za kufubaza VVU, zikae kwenye begi la mkononi, kwa sababu begi la kupakiwa linaweza kufika Istanbul wakati wewe umefika Muscat. Insulini ikiwekwa kwenye begi la chini inaweza kuganda na kuharibika. Beba za kutosha muda wote wa safari na wiki mbili za ziada, ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari yenye jina la dawa kwa maandishi yanayosomeka na lililoandikwa kwa Kiingereza. Anayetumia dawa za VVU na hali yake ni nzuri aombe kliniki impe za miezi kadhaa kwa pamoja. Wahudumu wamezoea ombi hilo, na halina aibu.

Kuna dawa ambazo kwetu watu hununua dukani na kwingine zinampeleka mtu jela. Tramadol, dawa ya maumivu, na dawa za kikohozi zenye kodeini zimezuiliwa au zinadhibitiwa vikali Umoja wa Falme za Kiarabu, Saudi Arabia na Misri. Diazepam vilevile. Usikubali kumbebea jirani “dawa za mgongo za shangazi” zilizofungwa kwenye gazeti. Kama dawa hizo ni zako na unazihitaji, omba kibali cha nchi husika kabla ya kuondoka, na uwe nacho mkononi.

Bima nitaigusa kwa ufupi: nchi za Schengen zinadai bima ya matibabu ya angalau euro 30,000 ili zikupe viza. Nchi nyingine hazidai, na hapo ndipo watu huiacha. Isome inasema nini kuhusu magonjwa uliyo nayo tayari, maana wengi hugundua kipengele hicho wakiwa kitandani. Mjamzito naye aulize shirika la ndege. Mengi hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hukataa kumpandisha kuanzia wiki ya 36. Na kwa safari ndefu kila mtu asimame, atembee kwenye njia ya katikati, akunje na kukunjua vifundo vya miguu, hasa mwanamke mjamzito na mtu aliyefanyiwa upasuaji karibuni, ili damu isigande miguuni.

Nimewaweka mwisho ndugu zetu wanaoishi Ulaya, Marekani na Kanada, na nimefanya hivyo kwa sababu wao ndio wasioniamini. Mtu amezaliwa Tanga, amekua Tanga, malaria aliugua utotoni mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Amekaa Birmingham au Minneapolis miaka minane. Anakuja Desemba na watoto waliozaliwa huko, anashukia nyumbani kwa bibi, na ukimtajia dawa za kuzuia malaria anacheka: “Mimi mtoto wa hapa.” Lakini ile kinga aliyokuwa nayo ilitokana na kuumwa na mbu wenye malaria mwaka hadi mwaka, na hufifia mtu akikaa mbali. Watoto wake hawakuwahi kuwa nayo hata siku moja. Uingereza, wengi wa wanaokutwa na malaria kila mwaka ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwasalimia jamaa zao. Watalii wa hotelini wanameza dawa. Sisi tunaokwenda kulala kwa bibi hatumezi.

Dawa zenyewe hutofautiana kwa ratiba, na ratiba ndiyo inayovunjwa. Mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili huanza siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la malaria, humezwa kila siku, na huendelea siku saba baada ya kuondoka. Doksisaiklini huanza vivyo hivyo lakini huendelea wiki nne baada ya kurudi, na haifai kwa mjamzito wala mtoto mdogo. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, huanza wiki mbili au tatu kabla, huendelea wiki nne baada, na aliyewahi kuwa na matatizo ya akili au kifafa asiitumie. Wiki zile za mwisho ndizo watu huzitupa, kwa kuona wamesharudi kwenye baridi ambako hakuna mbu. Vimelea walivyoviokota siku ya mwisho ya sherehe bado vimo mwilini. Bibi asikasirike wajukuu wakitaka chandarua, na wajukuu wasikatae kulala ndani yake kwa kuwa kina joto. Ukifika, kagua kama kimetoboka. Dawa ya kujipaka ipakwe jioni kwa ajili ya mbu wa malaria na mchana pia, kwa sababu mbu wa dengue huuma mchana, na Dar es Salaam iliona milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019.

Anayetoka kwetu kwenda kwao naye ana hatari hiyo hiyo kwa upande wa pili. Kijana wa Kigoma anafika Oslo akiwa mzima, siku ya kumi anapata homa, kichwa kinagonga, viungo vinauma. Daktari wa huko ameona mafua tangu asubuhi, na anampa dawa ya kutuliza maumivu, anamwambia akapumzike. Malaria kali inaweza kumuua mtu ndani ya siku chache tangu homa ianze. Mwenye homa ndani ya miezi mitatu tangu atoke nchi yenye malaria aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili, hata kama alimeza dawa za kuzuia bila kukosa. Akifika mapokezi, kabla ya kueleza maumivu, aseme: nimetoka Tanzania, au Kongo, tarehe fulani, naomba nipimwe malaria sasa. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu na homa ikaendelea, kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24, na mara ya tatu. Asiyejua lugha ya nchi hiyo aandike sentensi hiyo kwenye simu kabla ya kuondoka nyumbani, na mtu anayekaa naye aijue pia, kwa sababu homa ikipanda sana mgonjwa mwenyewe huenda asiweze kuisema.